Nani Hupiga Picha? Picha ya Sura kama Mradi wa Mwanafunzi Jijini Eldoret

Utangulizi

Mteja anapoingia katika mojawapo ya studio ndogo za picha jijini Eldoret husema, "Nimekuja kupiga picha." Hana kamera mkononi, wala hatagusa kitufe chochote. Atakaa kwenye kigoda, atanyoosha kola ya shati, atatazama mbele, kisha atalipa na kwenda zake. Hata hivyo, kitenzi alichokitumia ni cha kauli ya kutenda. Hakusema amekuja kupigwa picha.

Makala haya yanaichukua kauli hiyo ya kila siku kuwa msingi wa somo. Yanalenga kumwelekeza mwanafunzi wa Kiswahili anayetaka kujifunza upigaji wa picha za sura kama mradi wa masomo, na yanashikilia kwamba picha ya sura ni tendo la watu wawili. Ufundi wa nuru na lenzi hujifunzika kwa wiki chache. Jambo gumu zaidi, na lenye uzito zaidi, ni kumfanya aliye mbele ya kamera awe mtenda, asiwe mtendwa.

Ushahidi wa lugha

Huenda mwanaisimu akapinga kwamba kauli ya mteja haithibitishi lolote. Mswahili husema pia "naenda kunyoa" ilhali wembe uko mkononi mwa kinyozi, na "nimeshona suti" ilhali cherehani ni ya fundi. Pingamizi hilo ni la haki, lakini linaimarisha hoja badala ya kuivunja. Katika mifano hiyo yote, anayesemwa kuwa mtenda ni yule aliyetaka kazi ifanywe, akaigharimia na kubaki na matunda yake. Mkono uliofanya kazi ni wa fundi, lakini tendo ni la mwenye haja.

Sasa itazamwe hali ya pili. Mtu aliyepita sokoni, akageuka na kukuta simu imeelekezwa usoni mwake, hasemi "nimepiga picha". Husema, "Nimepigwa picha." Hapa mnyambuliko wa kutendwa unarudi, nao unarudi pamoja na kivuli cha maana ya kipigo. Tofauti ya kauli hizi mbili ni tofauti ya hiari. Lugha yenyewe, pasipo sheria wala mhadhara, imekwisha kuwagawa wanaoonekana katika picha katika makundi mawili: waliotaka na wasiotaka.

Istilahi nazo zina la kufunza. Neno "sura" kwa maana ya uso au umbo lina asili ya Kiarabu, na limetokana na mzizi uleule uliotoa "taswira", istilahi ambayo kila mwanafunzi wa ushairi anaifahamu. "Sura" ya kitabu, ingawa kwa Kiswahili inatamkwa vivyo hivyo, ina mzizi mwingine. "Wajihi" ni neno la uso na mwonekano, na "wasifu" linatokana na kusifu kwa maana ya kueleza sifa za mtu. Kwa hiyo mwanafunzi wa fasihi haingii ugenini anaposhika kamera. Anakutana na jamaa za istilahi alizozizoea darasani.

Usuli wa picha ya sura Afrika Mashariki

Uvumbuzi wa picha ulitangazwa hadharani jijini Paris mwaka 1839. Haikuchukua muda mrefu kabla ya sanaa hiyo kufika pwani yetu. Mwishoni mwa miaka ya 1860, A. C. Gomes, Mgoa, alikuwa na studio Unguja. Katika miongo iliyofuata, picha za wapiga picha wa pwani ziligeuzwa kuwa kadi za posta zilizonunuliwa na wasafiri kutoka Ulaya. Kadi nyingi za aina hiyo zilionyesha mwanamke au mwanamume aliyepambwa vizuri, na chini yake maelezo ya jumla tu: mwanamke wa Kiswahili, mchukuzi, Mmasai. Jina la mpiga picha mara nyingi lilichapishwa. Jina la mwenye uso halikuwapo. Uso wa mtu mmoja ulifanywa kuwa mfano wa kabila zima.

Historia ya pili ilikuwa ikiendelea sambamba na hiyo. Mwaka 1930 Ranchhod Oza alianzisha Capital Art Studio mjini Unguja. Mombasa nako N. V. Parekh aliendesha studio iliyovuma sana katikati ya karne ya 20. Humo wateja waliingia kwa miguu yao, wakiwa na nguo walizozichagua: maharusi, marafiki wawili waliovaa sare, vijana waliojipinda kama nyota wa filamu za Kihindi. Miaka ya 1990, karibu na kivuko cha Likoni, wapiga picha wa mitaani, wengi wao wakiwa wametoka bara, waliweka vibanda vyenye mapazia yaliyochorwa meli, ndege na majumba. Mtafiti Heike Behrend amewaeleza kwa kina katika kitabu chake kuhusu upigaji picha pwani ya Afrika Mashariki, kilichotolewa mwaka 2013. Kibarua ambaye hakuwahi kupanda ndege alisimama kando ya ndege iliyochorwa, akapeleka picha kwao. Haikuwa hila. Lilikuwa tamko la matumaini, na mwenye tamko alikuwa mteja.

Mwanafunzi anayeanza mradi leo amesimama kwenye njia panda ya historia hizi mbili. Kila anapoinua kamera anaendeleza mojawapo.

Nuru ya Eldoret na ngozi nyeusi

Eldoret iko takriban mita 2,100 juu ya usawa wa bahari, na karibu kabisa na Ikweta. Adhuhuri jua huwa karibu na utosi. Nuru ya wakati huo hushuka wima, ikajaza kivuli ndani ya macho na chini ya pua. Saa zinazofaa ni kuanzia saa moja hadi saa tatu asubuhi, na kuanzia saa kumi na nusu alasiri hadi jua linapokaribia kutua. Asiyeweza kungoja atafute baraza. Maduka mengi ya mjini yana baraza zenye paa, na chini yake nuru huingia kutoka upande mmoja tu, laini na pana. Fundi wa cherehani anayefanya kazi barazani tayari anakaa katika studio nzuri isiyolipiwa kodi.

Tatizo la pili ni la kamera yenyewe. Kipimanuru cha kamera kimeundwa kwa dhana kwamba mandhari iliyo mbele yake ina wastani wa kijivu cha kati, kinachoakisi takriban asilimia 18 ya nuru. Uso wa mtu mweusi ukiwa mbele ya anga jeupe, au juu ya shati jeupe la sare, kamera hudhani nuru imezidi, ikaipunguza. Uso ukawa giza lisilo na macho. Kinyume chake, uso mweusi ukijaza fremu nzima, kamera hudhani nuru haitoshi, ikaiongeza. Ngozi ikapauka kama iliyopakwa majivu. Katika hali ya kwanza mwanafunzi aongeze nuru, au amgeuze mhusika ili nyuma yake kuwe na ukuta wa rangi ya wastani. Katika hali ya pili apunguze, kwa kawaida kati ya nusu hatua na hatua moja, hatua moja ikiwa ni nusu ya nuru iliyopo. Simu nyingi humruhusu mtumiaji kugusa uso kwenye kioo na kutelezesha kidole ili kufanya marekebisho hayo.

Upungufu huu una historia. Kwa miongo kadhaa, maabara za filamu za rangi zilisawazisha rangi kwa kadi za kampuni ya Kodak zenye picha ya mwanamke mzungu, zilizojulikana kwa jina la Shirley. Ngozi yake ndiyo iliyokuwa kipimo cha usahihi. Marekebisho yalianza polepole katika miongo ya mwisho ya karne ya 20, na hata mwaka 2021 kampuni ya Google ilikuwa bado inatangaza maboresho ya kamera za simu zake kwa ajili ya ngozi nyeusi. Mwanafunzi anayeona uso wa mamake umegeuka kivuli pichani asidhani kosa ni la uso.

Ngozi nyeusi huonyesha umbo lake zaidi kwa mng'aro kuliko kwa kivuli. Kwa sababu hiyo inahitaji chanzo kipana cha nuru kutoka ubavuni, kama vile dirisha au mlango ulio wazi, na shuka nyeupe upande wa pili ili kurudisha sehemu ya nuru. Aidha, programu za simu zinazolainisha na kuing'arisha ngozi zizimwe kabla ya kuanza. Kumchubua mtu kwa programu bila ya kumuuliza ni kumwambia kwamba sura aliyokuja nayo haikutosha.

Kuhusu umbali, asimame angalau mita moja na nusu kutoka kwa mhusika. Akisogea mno na lenzi pana ya simu, pua hukua na masikio hurudi nyuma. Mwenye kamera ya kubadilisha lenzi atafaidika na ya milimita 50 au 85. Macho ndiyo yalengwe. Yakiwa makali, mengine husameheka.

Hatua za mradi

Mradi unaofaa ni mdogo. Wanafunzi wanne, wahusika kumi na wawili na wiki sita zinatosha.

Wiki ya kwanza wapigane picha wenyewe. Asiyewahi kukaa mbele ya lenzi kwa dakika kumi, asijue mikono aiweke wapi, hajui anachomwomba mwenzake. Wiki ya pili waende kwa wahusika bila kamera: fundi viatu, mama mboga, mwendesha bodaboda, mwanariadha anayefanya mazoezi kuelekea Iten. Waamkie ipasavyo, waketi, waeleze mradi, wasikilize. Mzee aombwe kwa lugha inayomstahi mzee, na "Shikamoo" au salamu ya lugha ya kwao isiachwe nyuma kwa sababu ya haraka.

Wiki ya tatu na ya nne wapige. Kila mhusika apige picha mbili: moja kwa mkao aliouchagua mwenyewe, na nguo alizozitaka, nyingine kwa mapendekezo ya mwanafunzi. Yamkini mwanafunzi atatamani kumpiga mama mboga katikati ya kabichi zake, na mama mboga atataka kuvaa kitenge cha sherehe na kusimama mbali na kabichi. Mvutano huo ndio somo lenyewe, na usifichwe. Wiki ya tano kila mhusika aonyeshwe picha, achague moja, na akubali au akatae isionyeshwe. Wiki ya sita picha zisafishwe, nakala ya karatasi ipelekwe kwa kila mhusika, ndipo maonyesho yafanywe chuoni.

Kila picha iandamane na maelezo ya maneno yasiyozidi mia moja, yakianza na jina ambalo mhusika mwenyewe ameridhia litumike.

Idhini na mipaka yake

Ibara ya 31 ya Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 inalinda faragha ya kila mtu, na chini ya Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 picha ya uso unaotambulika ni taarifa binafsi. Kwa mtoto, idhini hutolewa na mzazi au mlezi. Si sheria ya maandishi matupu: Septemba 2023, Ofisi ya Kamishna wa Ulinzi wa Data iliitoza shule moja faini ya shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za wanafunzi bila idhini ya wazazi.

Kishawishi kikubwa kwa anayeanza ni watoto wanaorandaranda mitaani. Wako karibu, hawafukuzi mtu, na nyuso zao huwagusa watazamaji. Lakini mtoto anayekubali kwa ajili ya mkate hajakubali, na mlezi wa kutoa idhini hayupo. Picha hiyo itasifiwa katika maonyesho, ilhali mwenyewe atabaki "chokoraa wa Eldoret", kama vile yule wa kadi ya posta alivyobaki "mchukuzi". Mradi wa mwanafunzi uwaache.

Faida kwa mwanafunzi wa fasihi

Uhakiki wa fasihi umetufunza kuuliza jinsi mwandishi anavyomsawiri mhusika: kwa maelezo, kwa matendo, kwa usemi wake na wa wengine. Wanagenzi wengi hutosheka na orodha ya sifa: mpole, katili, mwenye tamaa. Mwanafunzi aliyekaa na fundi viatu kwa saa mbili akisubiri nuru ataona ugumu wa kumfunga mtu katika neno moja. Shaaban Robert, alipoandika Wasifu wa Siti Binti Saad, alimweleza mwanamke ambaye umma ulikuwa umemjua kwanza kwa sauti. Alilazimika kumjengea msomaji mtu kamili kwa maneno. Kamera inaanzia mwisho wa pili. Inampa mtazamaji uso mara moja, kisha inambidi atafute mtu. Na methali ya mkakasi inamwonya asidhani kazi imekwisha pale uzuri ulipoonekana.

Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba picha ya sura ina ufundi unaofundishika, historia yenye pande mbili, na sharti moja ambalo Kiswahili kimelihifadhi katika kitenzi. Kipimo cha mradi si ukali wa picha pekee. Baada ya maonyesho, mwanafunzi arudi barazani na kumsikiliza fundi wa cherehani akimwonyesha jirani nakala yake. Akimsikia akisema, "Hii nilipiga mwaka huu," basi mradi umefaulu.