SOMO LA KIKUNDI: MKOMAMANGA

Leo tunajifunza juu ya mkomamanga. Kabla ya kutoa pesa za akiba kununua miche, tusome kwanza, halafu tuamue pamoja.

Mti wenyewe
Asili yake ni nchi za Iran mpaka kaskazini ya India. Katika Kumbukumbu la Torati 8:8 umetajwa pamoja na ngano, mizabibu na mizeituni. Hapa kwetu watu wa pwani wameupanda uani tangu zamani. Unapenda jua na huvumilia ukame. Lakini mahali maji yanaposimama, mizizi huoza.

Kupanda na kutunza
1. Tusipande mbegu, kwa maana mti wa mbegu mara nyingi haufanani na mama yake. Tukate vijiti vya unene wa penseli, sentimita 20 hadi 25, kutoka mti unaozaa vizuri. Tuvizike zaidi ya nusu, tuvinyweshe mpaka vishike.
2. Toka mti hadi mti, tuache mita 4 au 5. Shimo litiwe samadi iliyooza.
3. Machipukizi yanayotoka chini ya shina tuyaondoe, yanakula nguvu ya mti bure.
4. Maji yawe ya kiasi, bila kukatisha. Mti ukikaa na kiu siku nyingi, halafu upate maji mengi ghafula, matunda hupasuka. Sokoni nani atayanunua? Basi tutandaze nyasi kavu kuzunguka shina ili unyevu ukae.
5. Toka ua hadi tunda kuiva ni miezi 5 hadi 7. Tukate kwa mkasi, tusivute. Likichumwa bichi haliivi nyumbani kama embe.

Mti wa kijiti huanza kuzaa mwaka wa 2 au wa 3. Kwa hivyo huu siyo mti wa kulipia karo ya muhula ujao.

Tahadhari kwa kina mama
Wazee walichemsha ganda la mizizi kutoa minyoo. Ganda hilo lina sumu, na kipimo kikizidi mtu hudhurika. Mama mjamzito na mtoto wasipewe kamwe. Tena, ganda la tunda hutumiwa kuzuia kuhara, lakini mtoto anayehara huuawa na kupungukiwa na maji. Apewe maji ya chumvi na sukari ya dawa, aendelee kunyonya, na apelekwe zahanati upesi. Tusingoje ati ganda lifanye kazi.

Shauri letu
Tuanze na mti mmoja mzuri kwa kikundi. Ukikua, vijiti vyake vitatosha kila boma bila kununua mche. Tukishaona unavyozaa kwenye udongo wetu, na tukishampata mnunuzi, hapo tuzungumze juu ya shamba.

Maswali ya kujadili
1. Ni nani karibu nasi mwenye mti unaozaa vizuri?
2. Wakati wa kiangazi, maji ya kunyweshea tutayatoa wapi, na zamu itakuwa ya nani?
3. Mtoto akihara usiku kijijini kwetu, tunafanya nini kwanza?