SOMO LA WAZAZI: MTOTO MDOGO ANAPOKWENDA KUPASULIWA



Mwezi huu tumeona vema tuzungumze juu ya jambo linalozifikia nyumba nyingi, ingawa husemwa kwa sauti ya chini. Mtoto wa miaka mitatu au minne ameonekana ana ngiri, au alizaliwa na mdomo uliopasuka, au mafindofindo yanamzuia kupumua vizuri usiku. Daktari amesema apasuliwe. Hapo wazazi huanza kuulizana: nauli tutapata wapi, gharama ni kiasi gani, nani atabaki na wadogo zake? Maswali hayo yote ni ya haki. Lakini liko moja ambalo husahauliwa: mtoto mwenyewe ataambiwa nini?

Mara nyingi tunaamua asiambiwe kitu. "Bado mdogo, haelewi." Basi anavikwa nguo nzuri na kuambiwa, "Tunakwenda kumsalimia shangazi." Akifika anakuta kitanda, sindano, na watu waliofunika nyuso. Sisi wenyewe tumewahi kusema uongo wa namna hiyo, tena kwa kumpenda mtoto. Somo letu la leo ni hili: mtoto aambiwe kweli, kwa kipimo cha umri wake.

Kwa nini asidanganywe

Mtoto mdogo hana cha kushika hospitalini ila neno la mama yake na baba yake. Akiona neno hilo limemdanganya mara moja, kesho mama akisema "hii haiumi" au "narudi sasa hivi," hatasadiki tena. Na hospitalini ndipo anapohitaji sana kusadiki.

Tena mtoto asiyeambiwa kitu hujitungia mwenyewe. Watoto wa umri huo wepesi kufikiri kwamba ugonjwa ni adhabu. Hapa tujilaumu kidogo. Ni mara ngapi tumesema, "Ukilia, daktari atakuchoma sindano"? Mtoto aliyelelewa kwa tisho hilo, siku akilazwa kweli, atajiuliza, "Nimekosa nini?" Yafaa aambiwe waziwazi: "Hukufanya kosa. Tunakwenda ili upone."

Yako mafundisho kutoka Uingereza yanayotufaa. Hadi miaka ya 1950 hospitali nyingi za huko hazikuwaruhusu wazazi kukaa na watoto wao wodini. Mtoto alilia, kisha akanyamaza, na watu wakasema, "Amezoea." Bwana mmoja, James Robertson, hakuridhika. Mwaka 1952 alionyesha sinema ya mtoto wa kike wa miaka miwili na miezi mitano, aliyelazwa siku 8 kwa ajili ya kupasuliwa ngiri ya kitovu. Watu wakaona kwamba ukimya wa mtoto waweza kuwa huzuni tu. Mwaka 1959 kamati ya Sir Harry Platt iliishauri serikali yao kwamba wazazi waruhusiwe kuwaona watoto wao, na mama wa watoto wadogo walazwe pamoja nao. Kwetu sisi mama kulala na mtoto wodini ni desturi tuliyoizoea. Tusiidharau, maana ni dawa.

Aambiwe lini, na kwa maneno gani

Mtoto wa chini ya miaka miwili hataelewa maelezo; yeye atulizwe kwa mikono na sauti mnayomlazia kila siku. Wa miaka mitatu hadi mitano aambiwe siku moja au mbili kabla. Mkimwambia mapema mno atakaa na hofu bure. Wa miaka sita na kuendelea aambiwe siku kadhaa kabla, apate nafasi ya kuuliza.

Maneno yawe machache. "Hapa tumboni pamevimba. Daktari atapatengeneza. Atakupa dawa ya usingizi, hutasikia anapotengeneza. Ukiamka patauma kidogo, nasi tutakuwa karibu, utapewa dawa ya maumivu." Msiseme "hutaumia hata kidogo," maana si kweli.

Tuwe waangalifu hasa na neno "kulala." Sisi Wakristo tukimzika babu husema "amelala." Mtoto alikuwapo makaburini, akasikia, na babu hakuamka. Leo mnamwambia, "Daktari atakulaza." Je, afikiri nini? Basi mwelezeni: "Huu ni usingizi wa dawa. Yuko mtu ambaye kazi yake ni kukaa karibu nawe wakati wote umelala, na kazi ikiisha utaamka."

Mchezo nao husaidia. Mpeni mwanasesere wa kitambaa, amfunge bendeji, ampime, ambembeleze. Katika mchezo ule mtasikia hofu yake ambayo hakuisema.

Huruma inayoweza kuua

Hili tunalisema kwa mkazo. Mtoto akiambiwa asile kabla ya kupasuliwa, asile. Mwili ukilewa dawa ya usingizi, ile nusukaputi, koo hulegea. Chakula kilichomo tumboni chaweza kupanda na kuingia mapafuni, na mtoto aweza kufa.

Kanuni inayofuatwa mahali pengi ni hii: chakula, uji, na maziwa ya ng'ombe au ya kopo, mwisho masaa 6 kabla, maziwa ya mama, mwisho masaa 4 kabla, maji matupu, mwisho masaa 2 kabla. Tuseme atapasuliwa saa 2 asubuhi. Chakula kikome kabla ya saa 8 usiku, kunyonya kukome saa 10 alfajiri, maji yakome saa 12 asubuhi. Hospitali ikiwapa saa nyingine, fuateni ya hospitali. Chai ya maziwa si maji. Wala msimfungishe tangu jana mchana kwa kuogopa. Ulizeni aweza kunywa maji mpaka saa ngapi.

Shida haiji kwa mama aliyeelezwa. Huja kwa bibi aliyefika alfajiri, akamkuta mjukuu analia njaa, akampa kipande cha andazi nyuma ya mlango. Basi bibi, shangazi, na kaka zake wote waambiwe kanuni na sababu yake. Ikiwa mtoto amekwisha kula, semeni mara moja, hata kama mmetoka mbali. Kazi itaahirishwa, mtaona hasara ya nauli, lakini mtarudi na mtoto wenu. Kuficha ndiko kubaya.

Mambo ya kuwaambia wauguzi

Waambieni kama mtoto ana homa, kikohozi au mafua, hata kama yalianza jana. Waambieni kama ana selimundu, au kama yuko mwenye selimundu katika ukoo. Nchi yetu ni miongoni mwa zile zenye watoto wengi wanaozaliwa nayo. Waambieni dawa zote anazotumia, na za miti shamba pia, hakuna aibu. Waambieni kama dawa fulani ilimdhuru, na kama ana jino linalolegea, maana laweza kung'oka wakati wa nusukaputi na kuingia katika njia ya hewa.

Shanga za kiunoni na hereni zivuliwe nyumbani, kwa upole, mtoto asivuliwe ghafula na mgeni. Rangi ya kucha na hina zisipakwe juma lile, kwa kuwa huweza kukizuia kile kifaa cha kidoleni kinachopima hewa katika damu.

Pia mpatane mapema nani atatia sahihi. Ikiwa baba yuko baharini au safarini, jambo hili lisingoje mlangoni pa chumba cha upasuaji.

Safari na siku yenyewe

Wengine wetu wa Rasbura watatibiwa hapa hapa mjini, Hospitali ya Mkoa ya Sokoine. Wengine watakwenda Nyangao au Ndanda. Wengine watapelekwa Dar es Salaam, Muhimbili au CCBRT, mwendo wa kilomita zipatazo 450. Waendao mbali wafike mapema, mtoto apumzike na kuizoea wodi. Mchukulieni kanga ya mama aliyoizoea; harufu yake humtuliza kuliko maneno.

Mkifika mlango ambao hamruhusiwi kupita, msitoroke wakati mtoto ameangalia pengine. Mwageni: "Mimi nangoja hapa nje." Kisha mngoje hapo kweli.

Nasi tuendao kuwajulia hali tuchunge ndimi zetu. Habari za fulani aliyepasuliwa asiamke si za kuletwa kando ya kitanda cha mtoto. Afadhali sala fupi, ambayo mtoto mwenyewe aitikie amina.

Baada ya kurudi nyumbani

Mtoto aweza kurudi kukojoa kitandani, kumshika mama nguo kila anapokwenda, au kuamka usiku akilia. Mara nyingi hayo hupita baada ya majuma machache. Asichapwe, wala asichekwe. Lakini akiwa na homa, au kidonda kikitoa usaha, au akitapika bila kukoma, arudishwe hospitali.

Neno la mwisho juu ya ngiri. Kitovu cha mtoto mchanga kilichotokeza mara nyingi hurudi chenyewe kabla ya miaka minne au mitano, wala kufungiwa sarafu hakusaidii. Ngiri ya kinena hairudi yenyewe, yahitaji kupasuliwa. Na uvimbe wowote wa ngiri ukiwa mgumu, ukauma, mtoto akatapika, pelekeni siku ile ile. Hapo hamna siku mbili za kumwandaa. Mwambieni kweli njiani, mmempakata.

Maswali ya kuzungumza nyumbani au katika kikundi

1. Je, tumewahi kumtisha mtoto kwa daktari au sindano? Sasa tumwambie nini mahali pake?
2. Katika nyumba yetu, nani angeweza kumpa mtoto chakula kwa huruma? Tumweleze namna gani?
3. Jirani akiwa hospitalini na mtoto, nani atawapikia na kuwaangalia watoto waliobaki?