Ugali, Mkonge na Damu: Maswali Kuhusu Polima

Polima ni nini?

Ni molekuli ndefu iliyojengwa kwa molekuli ndogo nyingi, ziitwazo monoma, zilizofuatana kama shanga katika uzi. Plastiki ya ndoo ni polima. Wanga, protini na DNA ni polima pia. Mwaka 1920 mkemia Mjerumani Hermann Staudinger alieleza kuwa monoma hizo zimeungana kwa bondi za kawaida za kikemia. Wanakemia wengi walimpinga, lakini mwaka 1953 alipewa Tuzo ya Nobel.

Mwilini monoma huunganaje?

Kwa kawaida, monoma mbili zikiungana hutoka molekuli moja ya maji. Tukimeng'enya chakula, maji hayo hurudishwa na kiungo huvunjika. Kila kazi ina vimeng'enya vyake.

Ugali na kamba ya mkonge vyote vina glukosi. Mbona tunakula kimoja tu?

Kiungo ndicho kinachovitenganisha. Katika wanga wa mahindi, glukosi zimeungana kwa viungo vya alfa. Mnyororo hujipinda, na kimeng'enya cha amilesi kilicho kwenye mate huanza kuukata mdomoni. Mkonge una selulosi, ambayo viungo vyake ni vya beta. Minyororo yake hunyooka, hulala sambamba na kushikana kwa bondi za hidrojeni. Ndiyo maana kamba haikatiki upesi. Binadamu hana kimeng'enya cha kuvunja viungo hivyo. Hata ng'ombe hana: kazi hiyo hufanyiwa na vijidudu waishio tumboni mwake.

Na mfuatano wa monoma una uzito gani?

Mkubwa mno. Protini zetu hujengwa kwa aina 20 za asidi amino, na mfuatano wake huamua umbo na kazi. Mnyororo wa beta wa himoglobini, protini ya seli nyekundu za damu, una asidi amino 146. Kwa mgonjwa wa selimundu, mara nyingi iliyobadilika ni ya 6 peke yake: mahali pa asidi glutamiki pamekaa valini. Oksijeni ikipungua, himoglobini hizo hushikamana kuwa nyuzi, na seli nyekundu hupinda. Basi mgonjwa huyo hakurogwa wala hakulaaniwa. Amerithi mabadiliko hayo kwa wazazi wote wawili.

Mwanafunzi aanzie wapi?

Asikimbilie kukariri majina. Kwa kila polima aulize: monoma zake ni zipi, zimeungana kwa kiungo gani, na zimefuatanaje? Majibu hayo matatu yatamweleza kwa nini polima moja ni chakula na nyingine ni kamba.