Kabari za tairi: zuia tela kabla halijakuponyoka



Kila msimu wa mavuno nikipita mashambani huku Kilimatinde nakuta jambo lile lile: tela limejaa magunia, na chini ya tairi kuna jiwe moja la mviringo ambalo dereva kaliokota pale pale. Mwaka mmoja nililiona jiwe la namna hiyo likibiringika. Vijana walishachomoa pini ili trekta likafanye kazi nyingine. Waliposhusha magunia mawili tu, tela likaanza kutembea lenyewe, likaja kusimamishwa na mbuyu. Dakika chache kabla, mtoto alikuwa amekaa kwenye kivuli cha mbuyu ule.

Sisi tunakaa ukingoni mwa Bonde la Ufa. Hata pale unapoona pamenyooka, maji ya mvua yanajua kuna mteremko. Tela nalo linajua.

Hesabu ndogo

Chukua tela la kilo 1,000 lenye magunia 30 ya mtama ya kilo 100. Jumla ni kilo 4,000. Kwenye mteremko unaoshuka mita 1 kwa kila mita 10, tela linavutwa chini kwa nguvu ya kama kilo 400. Hakuna mtu wa kulizuia kwa mikono, kwa hiyo usijaribu.

Kabari nzuri ikoje?

1. *Kimo:* angalau robo ya kimo cha tairi. Tairi la sentimita 80 linataka kabari ya sentimita 20. Ikiwa fupi, tairi litaipanda.
2. *Kitako:* kirefu kuliko kimo, kama mara mbili. Kwa mfano wetu, sentimita 40. Upana ulingane na tairi.
3. *Uso:* upande unaogusa tairi ukatwe kwa mshazari, nyuzi 45 au pungufu kidogo. Tofali halina mshazari, tena hupasuka likielemewa.
4. *Mti:* mgumu na mkavu. Mbao laini hubonyea. Ulizia mabaki kwa fundi seremala. Usiingie msituni kukata mti bila kibali.

Nyuzi za mti zilale kwa urefu wa kabari. Chini pigilia kipande cha tairi kuukuu ili isiteleze kwenye ardhi ngumu, na vichwa vya misumari vizame. Toboa tundu, funga kamba ya kuvutia. Paka rangi nyekundu au njano, maana kabari isiyoonekana husahaulika.

Kama una fundi wa kuchomelea, chuma kinafaa pia, ila hakikisha kitako kina meno ya kushika ardhi.

Namna ya kuweka

- Tengeneza nne. Mbili zikae upande wa mteremko, moja kila tairi, na mbili upande wa pili. Tela likipunguzwa mzigo au kugongwa linaweza kwenda kokote.
- Weka kabari KABLA ya kuchomoa pini, breki ya trekta ikiwa imefungwa.
- Tela la ekseli mbili, zuia tairi za nyuma. Ekseli ya mbele inazunguka na mkono wa kuvutia, kwa hiyo haiaminiki.
- Kabari iguse tairi, ikae katikati yake. Ukiacha nafasi, tela linapata mwendo kwanza.
- Wakati wa kuweka, simama ubavuni. Usisimame upande wa chini wa mteremko.
- Kwenye mchanga au tope, tandika ubao mpana chini ya kabari, la sivyo itazama.
- Tela la ekseli moja liwekee na mguu wa mbele, na magunia yashushwe kwa uwiano. Ukimaliza ya mbele peke yake, litabinuka kwa nyuma.
- Usipige jeki tela ambalo halina kabari, hata kama ni pancha ya dakika tano.

Wakati wa kuondoka

Unganisha trekta, funga pini, ndipo uvute kabari kwa kamba. Zihesabu: nne zimetoka, nne zimepanda kwenye tela.

Hapa ndipo jiwe linapotushinda mara ya pili. Jiwe likishatumika huachwa barabarani, na usiku mwenye bodaboda analikuta na abiria wake. Kabari yako inarudi nyumbani na wewe.

Wiki hii, kabla hujapakia gunia la kwanza, pitia kwa seremala.