Maji ya Rejeta Katika Motakaa Iliyokwisha Tumika

Atakaye kununua motakaa iliyokwisha tumika, twamshauri atazame kwanza maji ya rejeta. Maana rangi ya nje hupakwa upya, bali ugonjwa wa injini huonekana majini. Injini ikiwa ya moto, kifuniko kisifunguliwe kamwe: mvuke huunguza vibaya. Ikiisha poa, tazameni. Maji ya rangi ya kutu yaonyesha kwamba chuma chalika ndani. Yakiwa na utando wa mafuta, au yakifanana na chai ya maziwa, oili imechanganyika nayo. Yamkini gasketi ya silinda hedi imeharibika. Chomoeni pia kijiti cha kupimia oili: ikiwa nayo ni ya rangi hiyo, huenda maji yameingia humo. Maji yakiwa mapya kabisa, ulizeni kwa nini yalibadilishwa. Msitoe fedha kabla fundi wenu hajaipima injini. Rahisi ghali.