Ufunguo wa Hadhara na Orodha ya Kuutafutia

Tangu kale, watu wawili waliotaka kuandikiana kwa siri walilazimika kwanza kukutana, au kumtuma mjumbe mwaminifu, ili wapeane ufunguo wa fumbo lao. Ufunguo huohuo ulifumba habari, na huohuo ukazifumbua. Utaratibu huo wafaa kwa watu wachache. Watu 100 wakitaka kila mmoja awasiliane kwa siri na kila mwenzake, zitahitajika funguo 100 × 99 ÷ 2, yaani 4,950.

Funguo mbili kwa kila mtu

Mwaka 1976 Whitfield Diffie na Martin Hellman wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, walitangaza fikra mpya: kila mtu awe na funguo mbili. Ufunguo wa hadhara hufumba habari, nao waweza kujulikana na watu wote. Ufunguo wa siri hufumbua, nao hubaki kwa mwenyewe. Mfano wake ni sanduku la barua lenye tundu: yeyote apitaye aweza kutumbukiza barua, lakini mwenye ufunguo wa mlango ndiye awezaye kuitoa.

Mwaka 1977 Ronald Rivest, Adi Shamir na Leonard Adleman walivumbua njia ya kutimiza fikra hiyo kwa namba tasa. Tuchukue namba tasa 3 na 11. Zao lake ni 33. Tukitoa moja katika kila namba na kuzidisha, tunapata 2 × 10 = 20. Sasa tuchague 3 kwa kufumba na 7 kwa kufumbua, kwa kuwa 3 × 7 = 21, ambayo ikigawanywa kwa 20 hubakiza 1.

Ufunguo wa hadhara ni 33 pamoja na 3. Anayetaka kupeleka namba 4 hukokotoa 4 × 4 × 4 = 64, hugawanya kwa 33, na kupeleka baki, yaani 31. Mpokeaji huzidisha 31 kwa yenyewe hata zipatikane 31 saba, hugawanya kwa 33, na baki huwa 4. Katika matumizi halisi zao huwa na mamia ya tarakimu, na kulivunja katika vigawo vyake kwashinda kompyuta zilizopo.

Mahali pa kuutafuta ufunguo

Diffie na Hellman walipendekeza orodha ya hadhara, mfano wa kitabu cha simu, ambamo jina la mtu lingeandikwa pamoja na ufunguo wake. Katika mitandao ya kompyuta ya awali ilikuwako huduma iliyoitwa Finger, maana yake kidole, ambayo taratibu zake ziliandikwa mwaka 1977. Aliyeuliza jina la mtumiaji alijibiwa habari zake, pamoja na maandishi ambayo mtumiaji huyo aliyaweka mwenyewe. Baada ya Phil Zimmermann kutoa programu ya PGP mwaka 1991, watumiaji wengi waliweka humo funguo zao za hadhara. Hata hivyo Finger ilitoa habari nyingi mno kwa wageni, na kasoro katika programu yake ilitumiwa na mdudu wa kompyuta aliyeenea mwaka 1988. Hatimaye mahali pengi huduma hiyo ilifungwa.

Hatari iliyomo

Mganga wa zahanati ataka kumpelekea daktari bingwa habari za mgonjwa wake. Auliza orodha, naye apewa ufunguo. Je, akiwapo mwovu aliyebadili orodha na kuweka ufunguo wake mwenyewe? Mwovu ataipokea barua, ataifumbua na kuisoma, kisha ataifumba upya kwa ufunguo halisi wa daktari na kuipeleka mbele. Siri ya mgonjwa imetoka, na wala mganga wala daktari hatambui. Hesabu haikukosewa hata kidogo. Kilichokosekana ni hakika ya mwenye ufunguo.

Njia za kuhakikisha

Mwaka 1978 Loren Kohnfelder alipendekeza hati ya uthibitisho: mtu anayeaminiwa na pande zote hutia sahihi kwamba ufunguo fulani ni wa fulani. Njia ya pili ni kulinganisha alama fupi ya ufunguo kwa njia nyingine, kama vile kuisoma kwa simu mtu akiitambua sauti ya mwenzake, au kukutana ana kwa ana. Hata WhatsApp, ambayo kompyuta zake humpa mtumiaji ufunguo wa mwenzake pasipo yeye kuuliza, huonyesha tarakimu 60 ambazo watu wawili waweza kuzilinganisha.

Maswali

1. Wanafunzi 40 wangehitaji funguo ngapi kwa utaratibu wa kale? Kwa utaratibu mpya je?
2. Kwa funguo za mfano hapo juu, fumba namba 5, kisha uifumbue.
3. Kwa nini haifai kupeleka alama ya ufunguo kwa njia ileile iliyoleta ufunguo?