Ukikutana na "sanction", tazama majirani zake

Mama mdogo alipokea barua ya chama chake cha akiba na mikopo, Kiingereza kitupu. Nikaisoma mbiombio, nikaona neno "sanctioned" kando ya mkopo wake, nikamwambia, "Mamdogo, wamekuwekea vikwazo." Akakaa chini pale barazani, chai ikapoa mkononi, akaanza kutaja majina ya wanaoweza kuwa wamemsema vibaya. Kumbe mkopo umepita!

Tangu siku hiyo nina vidokezo vyangu.

1. Tazama nani au nini kinatendewa. Hapa ndipo penye ufunguo. Kitenzi "sanction" kikigusa jambo, kama mkopo, safari au bajeti, kwa kawaida ni kuidhinisha. Kikigusa mtu, kampuni au nchi, mara nyingi ni kuadhibu. Bodi ikiyafanyia hivyo malipo, fedha zinatoka. Ikimfanyia hivyo wakili, wakili keshaadhibiwa. Barua ya mama mdogo ilizungumzia mkopo, haikumzungumzia yeye.

2. Angalia umoja na wingi. "Sanctions" aghalabu ni vikwazo, kama vile Shirikisho la Mataifa lilivyoiwekea Italia mwaka 1935 ilipoivamia Ethiopia. Umoja unaweza kuwa baraka za wakubwa, au adhabu. Rudi kwenye sentensi.

3. Usiwacheke Waingereza upesi. Neno lina asili ya Kilatini, "sancire", kuitia sheria nguvu kama kitu kitakatifu. Sheria yenye nguvu huhalalisha jambo, na humwadhibu anayeivunja. Neno likabeba yote mawili. Nasi je? "Nimemwazima Juma baiskeli": nimetoa. "Nimeazima baiskeli kwa Juma": nimechukua. Kitenzi ni kilekile, na hakuna anayegombana, labda Juma baiskeli ikichelewa kurudi.

4. "Oversight" nayo ina vituko. Katiba ya Kenya ya 2010 inalipa Bunge la Taifa kazi hiyo juu ya vyombo vya dola, maana yake kuvisimamia kwa jicho kali. Lakini karani akikuandikia kuwa kukosekana kwa jina lako ni "an oversight", anakiri kwamba alipitiwa. Ukiona na samahani karibu, ni hiyo ya pili.

5. Mkutanoni, jua msemaji ametoka wapi. Kwa Mwingereza, "to table" hoja ni kuileta mezani ijadiliwe sasa. Kwa Mmarekani, ni kuiweka kando. Winston Churchill anasimulia katika kumbukumbu zake za Vita vya Pili vya Dunia jinsi maofisa wa Uingereza walivyotaka waraka wao wa haraka uwe "tabled", Wamarekani wakakataa katakata kwa sababu waliuona ni wa muhimu mno. Wakabishana kwa muda mrefu, hadi kwa ukali, kabla ya kung'amua kuwa pande zote mbili zilitaka kitu kilekile.